Kadi ya picha kwa kompyuta ya mtumba

SWALI: Nina Dell OptiPlex ya kasha jembamba, pawa saplai wati 240. Nahariri video za harusi. Nimeletewa kadi ya picha ya RTX 3060. Ninunue? – Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Usinunue. Hiyo hula wati 170 na hudai waya wake wa umeme, ambao pawa saplai yako haina. Tena haitaingia kwenye kasha. Sloti, yaani tundu la ubao mama linaloshika kadi, hutoa wati 75 tu. Basi tafuta kadi ya GTX 1650 ya kimo kifupi (low profile), yenye bamba fupi la chuma la kufungia kwenye kasha na isiyo na tundu la waya wa ziada (nyingine zinalo, kagua). Kabla ya kulipa, ijaribu kwa programu ya GPU-Z: kadi bandia nyingi huandikwa FAKE. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi yenyewe. Wengi huisahau kwenye tundu la zamani la kompyuta, skrini ikibaki nyeusi wanamlaumu muuzaji. Kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni GB 4, anza kwa kuiongeza hiyo.