Kompyuta kumi, wanafunzi sitini: nianzie wapi?

Swali: Nafundisha sekondari ya kata mkoani Rukwa. Tumepata msaada wa kompyuta 10 za mezani zilizotumika, zenye Windows 10 na RAM ya GB 4. Zinachukua dakika tano kuwaka, na kila ukizizima zikiwashwa tena zinarudi mwaka 2015. Intaneti ni bando la simu yangu, umeme unakatika. Kidato cha pili kina wanafunzi 60. Mkuu wa shule anataka ziwaandae vijana kwa kazi, "siyo kuja kucheza gemu". Nilifikiria kuanza na historia ya kompyuta na sehemu zake, kama tulivyofundishwa sisi. Je, ninunue intaneti kwanza? Na Windows niibadilishe?

Jibu: Mwalimu, hongera, na pole vilevile, maana mashine za msaada huja na kazi zake.

Tuanze na huo mwaka 2015. Hiyo ni betri tu. Fungua boksi, utaona kwenye ubao mama kitu kama sarafu kilichoandikwa CR2032. Ni betri ya volti 3 inayoifanya saa iendelee kutembea kompyuta ikiwa imezimwa. Watu huipuuza, ila siku utakayounganisha intaneti, tovuti nyingi zitagoma kufunguka zikidai kuna tatizo la usalama, kwa kuwa kompyuta inaona vyeti vya tovuti hizo ni vya miaka ambayo bado haijafika. Mimi nilishapoteza asubuhi nzima nikibadilisha nyaya na kuilaumu ruta, kumbe saa. Sasa badala ya kuchora sehemu za kompyuta ubaoni, chomoa umeme, waite wanafunzi wanne wanne, wafungue wenyewe, wapulize vumbi, wabadili betri. Sehemu watazijua hapohapo.

Dakika tano za kuwaka zinatokana na diski ya kuzunguka. Weka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 240. Utaona tofauti kubwa kuliko ukiongeza RAM. Kama fedha hazitoshi mashine zote, badili tano kwanza. Tano zenye kasi zinafundisha kuliko kumi zinazowachosha watoto.

Windows: Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 maboresho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huo hazikidhi masharti ya Windows 11. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, toleo la Xfce, ni jepesi, halilipiwi, na linakuja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Utaambiwa ofisini watu wanatumia Windows. Ni kweli, kwa hiyo bakiza mashine mbili zenye Windows, zisizounganishwa na intaneti, ili waone sura yake. Lakini kijana aliyeelewa faili ni nini, inakaa wapi na inahamishwaje, hapotezwi na menyu kubadilishwa rangi.

Intaneti usinunue sasa. Nunua ruta ya kawaida, wala haihitaji laini ili kompyuta zisomane zenyewe kwa zenyewe. Teua kompyuta moja iwe seva, yaani ya kuzigawia nyingine masomo, uiwekee programu za Kolibri na Kiwix. Kolibri inabeba masomo ya video na mazoezi, yakiwemo ya Khan Academy kwa Kiswahili. Kiwix inabeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya faili moja. Shusha vyote mara moja ukiwa mjini penye intaneti nzuri, uvibebe kwenye diski ya nje. Tangu hapo bando lako libaki la kwako.

Umeme nao: kompyuta ya mezani na kioo chake hula kama wati 100, hivyo kumi ni takriban kilowati moja. Seva ipate UPS yake, yaani betri ya akiba, hata ndogo, ya kuipa dakika chache izimwe kwa utaratibu. Hizo nyingine umeme ukikatika, mtoto atapoteza sentensi mbili na atajifunza kuhifadhi kazi mapema.

Sasa la mkuu wa shule, na hapa ndipo ningetumia muda wangu mwingi. Kazi anazoziwazia tayari zimeingia kwenye mtandao: maombi ya ajira serikalini yanapita Ajira Portal, zabuni za umma zinapita NeST, muuza duka ana mashine ya risiti ya EFD, malipo ya serikali yana kontrolo namba. Huko kote mtu anajaza fomu, anapandisha faili la PDF na anatunza orodha isiyodanganya. Basi chukua daftari la stoo ya shule, mahindi na maharage yaliyoingia na yaliyotoka, wanafunzi walihamishie kwenye jedwali la LibreOffice Calc.

Watakosea, nawe uwaache. Mmoja ataandika "kilo 20" kwenye kisanduku, na jumla itakataa kuihesabu, kwa sababu kwa kompyuta hayo ni maneno, siyo namba. Waonyeshe dalili: namba hukaa kulia kwa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Mwingine ataingiza simu ya msambazaji, 0754 na kuendelea, sifuri ya mwanzo ipotee. Hapo namba ya simu inatakiwa iandikwe kama maneno, maana hakuna anayejumlisha namba za simu. Nimekuta orodha za ofisi zenye watu mia kadhaa ambao hawapigiki kwa sababu ya sifuri hiyo tu.

Ukiitoa seva zinabaki mashine tisa, na sitini hawazienei, usijaribu. Leta 18 kwa zamu, wawiliwawili: mmoja ashike kibodi, mwenzake asome na kukagua, wabadilishane kila dakika 15. Waliobaki darasani wachore jedwali kwenye karatasi kwanza: safu zipi, kipi ni tarehe, kipi ni kiasi, mzigo uliorudishwa utaandikwa wapi. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi yenyewe, na haili umeme. Wakikamilisha, linganisha jumla yao na magunia yaliyopo stooni. Zikitofautiana, msikimbilie kurekebisha kompyuta. Huenda daftari ndilo lililokosea, na mtunza stoo atakuwa na la kueleza.

Gemu nisingezipiga marufuku, ningewaambia watengeneze. Scratch, programu ya kutengenezea gemu kwa kupanga vipande vya amri, inafanya kazi bila intaneti na ina Kiswahili. Akili mnemba iache isubiri kidogo. Anayeweza kutazama jumla ya kilo 4,800 akasema "hapana, stoo yetu haibebi hizo" atajua pia kulitilia shaka jibu la mashine.

Jambo moja kabla hujaenda dukani: fungua boksi moja, usome namba ya modeli iliyochapwa kwenye ubao mama, na uangalie waya unaoingia kwenye diski kama ni ule mwembamba wa SATA au ni utepe mpana. Kama ni utepe, SSD nilizokutajia hazitaingia. Nitumie hiyo namba kwanza.