Jibu: Hukumu ya binamu yako na deni lako la karafuu

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Wete. Nimekufahamu: rafiki yako hataki kulipa pesa za karafuu, na binamu yako alishinda kesi kama hiyo Mahakama ya Wilaya. Unauliza kama hukumu yake itakubeba.

Haitamfunga hakimu wako, yaani si lazima aifuate. Katika mfumo huu tuliorithi kwa Waingereza, uamuzi huteremka, hauendi pembeni: Mahakama Kuu ya Zanzibar huzifunga za chini yake, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania huifunga hata Mahakama Kuu. Tafuta basi hukumu ya huko juu, na usitazame nani alishinda. Tazama sababu iliyoamua kesi. Mambo yakitofautiana kidogo tu, mwenzako atasema haikuhusu.

Hakimu hatakutafutia ushahidi. Kusanya karatasi, jumbe za simu, shahidi aliyeona magunia yakipimwa. (Mimi niliwahi kwenda na maneno matupu. Nilirudi nayo.)

Usikawie, madai yana ukomo wa muda; muone wakili kabla ya kufungua kesi. Na kama karafuu ni za mirathi ambayo haijagawiwa, anza kwa Kadhi.