Mweka kasi anafika kilomita ya 30: namna ya kuupiga uamuzi wake kwa bajeti ndogo

Mkuu mleta uzi, kwa faida ya wanaoingia sasa hivi: muswada wako wa filamu unamhusu kijana wa Hanang aliyelipwa kuweka kasi kwenye marathoni, yaani kukimbia mbele ili wenzake wafuate mwendo wake, hadi kilomita ya 30, kisha atoke. Siku ya mbio anajikuta ana miguu ya kushinda, na nyumbani mdogo wake anasubiri ada ya chuo. Una kamera moja, watu sita, siku tisa, na unataka mbio zionekane za kweli. Umeuliza zaidi mambo ya kamera. Tutafika huko, ila tatizo la kwanza liko kwenye karatasi.

Ulivyoandika, akitoka anapata kidogo, akiendelea akashinda anapata kikubwa na ada inalipwa. Hapo hakuna uamuzi, mtu yeyote angeendelea. Sasa angalia fedha zinavyotembea kwenye mchezo huu. Mweka kasi ana mkataba wa malipo maalumu, mara nyingi na nyongeza kama amepita kwenye alama za muda walizokubaliana. Fedha hiyo ni ndogo lakini ni ya uhakika. Zawadi ya mshindi kwa kawaida husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, na kusubiri huko kunaweza kwenda wiki hadi miezi, halafu meneja anakata asilimia yake, 15 ikiwa ndiyo iliyozoeleka. Kwa hiyo mpe mdogo wake tarehe ya mwisho ya kulipa, tuseme siku kumi baada ya mbio. Akitoka kilomita ya 30, ada inalipwa lakini anabaki mweka kasi. Akiendelea, huenda akawa bingwa mwenye hundi ya mwezi wa tano, na mdogo wake amerudi nyumbani mwezi wa pili. Na akiendelea halafu akashika nafasi ya tisa, amekosa vyote na meneja hampigii tena simu. Hapo sasa kijana ana kazi ya kufikiri.

Wachangiaji wawili huko juu wamesema haiwezekani mweka kasi akashinda, atafutiwa matokeo. Si kweli. Aliyeanza mbio pamoja na wenzake akiwa na namba yake kifuani ni mshindani kamili. Simon Biwott alishinda Berlin mwaka 2000 akiwa ameajiriwa kuweka kasi. Ben Kimondiu akafanya hivyo Chicago mwaka 2001, na aliyemwacha nafasi ya pili ni Paul Tergat, nguli wa Kenya. Kinachoweza kumzuia ni mkataba, maana upo unaomtaka atoke na upo unaomruhusu kumaliza. Muswada wako lazima uamue mapema ni upi, tena watazamaji wauone ukisainiwa. Usiweke hadithi kwenye Olimpiki wala mashindano ya dunia, kule hakuna waweka kasi kabisa.

Kuhusu mwisho, kabla hujamkabidhi ushindi mtazame Sammy Korir. Berlin mwaka 2003 alikuwa mweka kasi wa Tergat, hakutoka, wakafika pamoja hadi utepe. Tergat akavunja rekodi ya dunia kwa saa 2:04:55. Korir 2:04:56. Sekunde moja. Na anayesema kumaliza bega kwa bega baada ya kilomita 42 ni mambo ya sinema, amkumbuke Alphonce Simbu wetu kwenye mashindano ya dunia pale Tokyo Septemba 2025: yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa 2:09:48 wote wawili, dhahabu ikaamuliwa kwa sekunde 0.03.

Haya, hesabu za kasi. Umeandika mbio zinakwenda kwa 2:05 na mtaa ni wa Arusha. Futa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na ina vilima, na mwenye kujua riadha atazima simu hapo hapo. Weka dakika 3 na sekunde 10 kwa kilomita. Inakupa kilomita ya 30 kwa saa 1:35 kamili, namba rahisi kutamkwa na wahusika, na mwisho kwenye 2:13 na ushee. Kasi hiyo ni kama kilomita 19 kwa saa, yaani mita 100 kwa sekunde 19. Usimwambie mwigizaji “kimbia haraka”. Pima mita 100, weka chupa mwanzo na mwisho, afanye mazoezi mpaka sekunde 19 imkae mwilini. Kijana yeyote mwenye afya anaiweza kwa mita 80, ambazo ndizo unazohitaji kwa shoti moja: 20 za kuchanganya, 60 za kupiga.

Kinachomuumbua mwigizaji ni hatua zenyewe. Wakimbiaji wa daraja hili wanapiga karibu hatua 180 kwa dakika, kichwa kimetulia, mguu unatua karibu na chini ya kiwiliwili. Asiyekimbia anarusha mguu mbele, anatua kwa kisigino, anapanda na kushuka kama yuko juu ya punda. Funga spika ndogo nyuma ya gari la kamera, piga mdundo wa 180 kwa dakika, akimbie juu ya mdundo huo. Sauti ya hapo huitumii, kwa hiyo mdundo haudhuru kitu. Ila ushauri wangu ni kumpa mkimbiaji wa kweli nafasi hii. Mhusika wako ana maneno machache, na Arusha ina kambi za riadha zenye vijana ambao watakuelewa ukieleza. Kumfundisha akae kimya mbele ya kamera ni kazi ya wiki mbili. Kumjenga mwigizaji awe na mwili wa marathoni ni kazi ya miaka.

Idadi ya mikimbio nayo ina kikomo. Baada ya 12 hadi 15 asubuhi moja hatua zinafupika, mabega yanapanda masikioni. Tumia hilo: piga kilomita ya 5 kwanza akiwa mbichi, ya 30 mwishoni. Jua nalo litakubaliana nawe. Mbio zikianza saa 1 kamili asubuhi, kilomita ya 5 ni kama saa 1 na dakika 16, kivuli kina urefu wa karibu mara tano ya mtu. Kilomita ya 30 ni saa 2 na dakika 35, kivuli kimebaki chini ya mara mbili ya mtu. Ukichanganya vivuli hivyo kwenye sini moja, mtazamaji hatasema kosa ni nini lakini ataacha kuamini. Baada ya saa 4 acha kabisa shoti za uso. Jua linapanda kuelekea utosini, macho yanakuwa mashimo meusi. Hamia ndani, upige sini za mkataba na za simu kutoka nyumbani.

Kamera: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo hata taa za ndani hazitachezacheza. Shoti za miguu peke yake unaweza kwenda 1/100 ili vumbi na jasho vikatike vizuri. Juani, ukiwa na ISO 800 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na unataka f/4 (upana wa tundu la lenzi), unahitaji kichujio cha ND, kile cheusi cha kupunguza mwanga, cha stopu 8 hivi, kila stopu ikikata mwanga nusu. Vile vya kuzungusha vya bei rahisi vikifika mwisho wake huchora msalaba mweusi kwenye lenzi pana, ni afadhali kichujio kimoja cha kudumu. Picha ya polepole iweke akiba. Mbio nzima ikiwa polepole, hakuna anayejua kama hawa watu wana kasi.

Lenzi ndiyo inayosema uongo unaoutaka. Milimita 85 hadi 135 kutoka mbele hubana kundi, wakimbiaji wanane wakaonekana ishirini, lakini pia huua kasi: wanakimbia na hawafiki. Hiyo ifae kwa kilomita za kuchosha, 15 hadi 25. Kwa kasi, chukua 24 au 28, ukae mita moja na nusu ubavuni mwake, na kati yenu au nyuma yake pawe na vitu vinavyopita: nguzo, miti ya mgrevilea, uzio wa shule. Ukuta mtupu hauoneshi kasi hata akikimbia kama swala.

Gari la kamera linaharibu filamu nyingi za mbio. Pikapu ya dizeli mbele ya wakimbiaji inawapulizia moshi usoni, na kwenye barabara ya vumbi inawafuta kabisa. Mwaga maji kipande chako cha mita 100 nusu saa kabla. Punguza upepo wa matairi hadi kama psi 20 ili kupunguza mtikisiko, na ujaze tena kabla ya kurudi barabara kuu. Gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera, inatuliza kuyumba, haitulizi mtetemo mdogo wa injini. Huo ndio unaofanya picha itetemeke kama uji mzito. Bajaji ina kimo kizuri ila mtetemo wake ni mbaya zaidi. Guta la pedali ndilo bora, halina moshi wala kelele. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayesukuma guta lenye mpiga picha kwa kilomita 19 kwa saa kwenye tambarare, hivyo tafuta mteremko mdogo usioonekana kwenye picha, na guta liwe na breki za kuaminika. Pikipiki yenye mpiga picha aliyekaa kinyumenyume msiifanye. Chombo chochote utakachotumia, mpiga picha afungwe mkanda kwenye fremu ya chombo, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama mbele na kusema na dereva, basi.

Sasa shoti yenyewe ya uamuzi, ambayo muswada wako umeiandika kwa sentensi moja: “Anaamua kuendelea.” Kutoka kunaonekana. Mtu anasogea pembeni, anapunguza, anapitwa, anajifunga blanketi. Kuendelea hakuonekani hata kidogo, maana mwili unafanya kile kile ulichokuwa ukifanya sekunde iliyopita. Ukimwekea sauti ya ndani inayojieleza utakuwa umeshindwa. Dawa ni kuwafundisha watazamaji mapema kutoka kunafananaje. Dakika kumi za mwanzo weka mbio nyingine ndogo ambayo anaweka kasi na kutoka vizuri: anatazama saa, anainua kidole kumuonya wa nyuma, anahamia kushoto, anasimama karibu na kibao cha kilomita. Vitendo vinne, kwa mpangilio huo huo. Siku ya mbio kubwa wawe waweka kasi wawili. Kwenye kibao cha 30 mwenzake anafanya vyote vinne. Yeye anafanya vya kwanza viwili. Anatazama saa. Anainua kidole. Halafu hahami.

Bingwa aliye nyuma yake, ambaye ameshaanza kujipanga kupita upande wa kulia, anajikuta hana nafasi, na uso wake ndio unaotuambia kilichotokea. Kamera iwe mbele kwa lenzi ndefu ili nyuso mbili zikae kwenye fremu moja, na mkato usionekane. Kutoka kibao cha 29 hadi cha 30 ni dakika 3 na sekunde 10 za kweli. Ukiwa na ujasiri iache karibu yote, na kilomita 29 za mwanzo zibane kwenye dakika nne. Shoti hiyo itajengwa kwa vipande vya mita 60, basi katia pale nguzo au mtu wa barabarani anapopita mbele ya lenzi.

Sauti usiitegemee ya barabarani. Maikrofoni ya kifuani chini ya fulana ya kukimbilia ni mkwaruzo mtupu. Rekodi pumzi peke yake: akimbie mita 400 kwa nguvu, asimame sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni, apumue dakika moja. Fanya seti tatu, ya mbichi, ya katikati na ya kuchoka. Katika kasi hii wengi huvuta kwa hatua mbili na kutoa kwa mbili, yaani pumzi 45 kwa dakika, hivyo mhariri wako anaweza kuzipanga juu ya miguu bila kubahatisha. Nyayo nazo rekodi alfajiri kabla ya magari, lami peke yake na changarawe peke yake. Kwenye kibao cha 30, yule mwenzake anapotoka, ondoa nyayo zake kwenye sauti hatua moja kabla hajatoka kwenye fremu. Sikio litashtuka kabla ya jicho.

Vibali kwa ufupi: Bodi ya Filamu inataka maombi na muswada kabla hujapiga, si baada. Droni ina utaratibu wake Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kufunga barabara ni mazungumzo na polisi wa usalama barabarani na serikali ya mtaa, na kipande cha mita 200 alfajiri ya Jumapili kinapatikana kirahisi kuliko kilomita moja Jumamosi. Kama unataka umati, ongea na waandaaji wa mbio halisi upige pale mwanzoni tu, mwigizaji wako akiwa amejiandikisha.

Jasho ni gliserini na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia. Maji matupu yanakauka kabla hujasema “piga”. Kuanzia kilomita ya 25 ongeza chumvi: loweka bukta nyeusi kwenye maji ya chumvi, ianike, mistari myeupe itajitokeza yenyewe. Fulana ziwe tatu zinazofanana. Namba ya kifuani chapisha nakala sita, kwa sababu gliserini inazilowesha, na kila asubuhi piga picha ya simu pini nne zilipokaa. Namba iliyopinda kushoto kwenye kilomita ya 29 ikanyooka kwenye ya 30 inaonekana kuliko unavyodhani.