Kwaresima Visiwani: kufunga Kikatoliki mtaa mzima ukiwa na saumu

Mkatoliki anayeishi Unguja au Pemba hufunga Kwaresima katikati ya watu wanaojua kufunga. Miaka hii ndiyo zaidi: mwaka 2025 na 2026 Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, iliangukia wiki moja na kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, na mwaka 2027 Majivu ni tarehe 10 Februari, Ramadhani nayo ikitarajiwa kuanza siku hizo hizo. Wengi hapo huchanganyikiwa. Kuna anayeamua kufunga kama jirani yake, asile wala asinywe mpaka magharibi, akafika siku ya nne amechoka na kuacha yote. Na kuna anayejiambia kwamba mfungo wetu ni mwepesi, basi hafungi kabisa. Hakuna kati yao aliyeuliza Kanisa lake linamdai nini.

Linalodai ni dogo. Kwa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, siku za kufunga ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Anayebanwa ni aliyetimiza miaka 18 mpaka atimize 59. Kujinyima nyama ni siku hizo mbili pamoja na Ijumaa, na hapo anabanwa kila aliyetimiza miaka 14, wala hakuna umri wa kustaafu. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawabanwi na mfungo. Mwenye kisukari anayetumia dawa asijaribu ushujaa. Ale kwa wakati wake, atafute toba nyingine.

Siku ya kufunga unakula mlo mmoja kamili, na mara mbili unaonja kidogo, vidogo hivyo viwili vikijumlishwa visifikie mlo. Kwa jiko la hapa, asubuhi ni chai ya rangi na kipande kimoja cha mkate wa boflo, mchana wali na mchicha wa nazi sahani moja bila kuongeza, usiku kikombe cha uji. Ukiwa kazini juani, uhamishie mlo mkubwa usiku. Ijumaa Kuu ni bora hivyo, kwa sababu ibada ya Mateso huwa alasiri na mtu akishashiba mchana husinzia. Maji unakunywa. Kinachoharibu mfungo huu ni vitu vya katikati: kachori moja, bajia mbili, glasi ya juisi ya miwa pale Darajani. Hakuna anayevihesabu, na jioni vimeshakuwa mlo.

Sasa kuhusu samaki, na hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Sheria ya kuacha nyama inamgusa kweli mtu ambaye nyama ndiyo chakula chake cha kila siku. Visiwani samaki ndiye chakula cha kila siku, na nyama ni ya wageni na sikukuu. Mtu anayekula pweza wa nazi au kamba wa kukaanga siku ya Ijumaa hajavunja sheria, lakini hajajinyima chochote. Pengine amekula vizuri kuliko Alhamisi. Ushauri wetu: ishike sheria ilivyo, nyama usiguse, halafu ongeza kitu chako kinachokuuma. Muhogo wa kuchemsha na chukuchuku (mchuzi mwepesi) ya kibua mmoja. Au ndizi mbichi kwa mbaazi bila kitoweo. Mayai, maziwa na samli havikatazwi. Pilau ya nyama iliyotolewa vipande iache kabisa, kwani kuchambua nyama kwenye sahani ni kutafuta upenyo.

Mwaliko wa futari siku ya Ijumaa unawatatiza wengi. Kwanza saa. Kwa hesabu ya mtaani, jua likishazama siku ya Ijumaa tumeingia usiku wa Jumamosi. Kwa Sheria za Kanisa siku huanza saa sita ya usiku na kwisha saa sita ya usiku, kwa hiyo wakati wa futari bado uko ndani ya Ijumaa na nyama bado huli. Pili, usikatae mwaliko. Nenda. Futari ya Kizanzibari ina vya kutosha visivyo na nyama: tende, uji wa pilipili manga, magimbi, viazi vitamu vya nazi, tambi za sukari, vibibi. Vya kuuliza ni shurba (supu ya nafaka), sambusa na katlesi, maana humo nyama haionekani. Sema mapema, kwa upole: "Leo Ijumaa yetu, bibi, nyama sili." Hakuna watu watakaokuelewa upesi kama waliofunga. Siku nyingine, nyama iliyochinjwa na Mwislamu unaila bila wasiwasi. Hakuna sheria ya Kanisa inayokukataza.

Sahani iliyokuja kwako imefunikwa kawa hairudi tupu, na humo mna sadaka yako. Yesu katika Mathayo sura ya 6 anaweka sadaka, sala na kufunga pamoja, na Papa Leo Mkuu katika karne ya 5 alihubiri kwamba anachojinyima mwamini kiwe chakula cha maskini. Kwa hiyo piga hesabu. Ukiacha urojo wa shilingi 1,500 kila siku ya Kwaresima, siku 40 (Jumapili hazihesabiwi) zinakupa shilingi 60,000. Itie kwenye kopo siku ile ile, kwani pesa inayobaki mfukoni haifiki Pasaka. Ukitaka kumpelekea jirani, peleka vitu vibichi: sukari, unga wa ngano, nazi, tende. Chakula ulichopika kinamtia shaka kwa sababu hajui sufuria yako imepikiwa nini, naye kwa heshima atanyamaza. Ikiwa kitimoto huingia nyumbani kwako, usipeleke kilichopikwa, hilo halina mjadala.

Mchana wa Ramadhani, kula ndani. Kula hadharani kunaweza kukufikisha polisi, lakini hata pasingekuwa na polisi, Mtakatifu Paulo anawaambia Warumi, sura ya 14, kwamba anayemhuzunisha ndugu yake kwa chakula haenendi tena katika upendo. Kula chumbani si unafiki. Unafiki ni kujifanya umefunga ukiulizwa.

Simu: usiweke picha ya majivu uliyopakwa kwenye paji kwenye status. Injili ya Majivu yenyewe inasema unapofunga unawe uso.

Kwa wanaofanya kazi hotelini Nungwi, Paje au Kiwengwa: Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, basi zungumza na anayepanga zamu wiki mbili kabla, hasa ya Wiki Takatifu, wakati hoteli zinapojaa. Ikishindikana, mwone paroko kabla ya siku yenyewe. Kwa sababu ya haki anayo mamlaka ya kukuondolea wajibu huo au kukupa tendo jingine la ibada badala yake.

Na mwaka 2027 weka alama tarehe 19 Machi. Ni Ijumaa ya Kwaresima, lakini pia ni sherehe ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kanisa letu la Minara Miwili, Mji Mkongwe, na sherehe, yaani sikukuu ya daraja la juu kabisa, huondoa wajibu wa kujinyima nyama. Idi itakuwa imeshapita. Siku hiyo mwalike jirani, na nyama mwachie yeye akuchinjie.