Muulize Fundi: Daraja la treni ya uani

SWALI: Shikamoo Fundi. Mjomba aliniletea treni ndogo ya umeme, reli zake zina upana wa milimita 45. Nimeitandika uani kwetu Mwanga, Kigoma, ila inapovuka mfereji wa maji ya mvua, daraja la mbao nililojenga limepinda na treni imeshaanguka mara mbili. Nguzo nilizichimbia chini kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekosea hapo hapo pa kuchimbia. Hata mimi, hapa Ng'ambo, Tabora, nilichimbia nguzo za paini. Kwa nje zilionekana nzima; siku niliyoishika moja ikamong'onyoka mkononi kama muhogo uliochemka sana. Mchwa walikula ndani wakaacha ganda.

Nenda kwa maseremala wa samani uombe vipande vya mninga, uchukue kiini cha kahawia tu, ule weupe wa pembeni waachie. Toboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari, la sivyo kipande chembamba kinapasuka. Gundi nyeupe ya kawaida mvua itaiyeyusha. Na oili chafu usipake huku juu: ikifika kwenye reli, magurudumu yanateleza.

Sasa fremu, yaani miguu ya kubeba daraja badala ya nguzo zako. Ichukulie kama kenchi: nguzo mbili wima katikati, mbili za pembeni zimetanua miguu (kila sentimita 6 za kushuka, toka nje 1), boriti juu, boriti chini, na mbao mbili za kukatizana. Chora moja kwenye ubao, gonga misumari kuufuata mchoro, kisha kila fremu uiunge humo humo. Vichwa vitalingana, urefu utapunguza miguuni, kufuata bonde la mfereji.

Reli ya Kati ya zamani, iliyofika kwetu 1912 na kwenu 1914 (tuliwatangulia!), ina upana wa mita moja. Yako ni kama imepunguzwa mara 22 na nusu. Madaraja ya mbao ya Marekani yalipangwa fremu kila futi 15 hivi, kwa hiyo kwako ni sentimita 20. Ila kwenye mkondo wenyewe usiweke fremu, takataka zitanasa hapo na maji yatalisukuma daraja. Ruka kwa boriti mbili nene.

Miguu yote ikae juu ya mawe au zege, ipigwe pima maji. Halafu sukuma behewa tupu kwa mkono, mwendo wa kinyonga, ukisikiliza linapogonga.