Kabla ya kuhesabu maandamano, lihesabu gazeti

Wadogo zangu mnaoanza kutafiti maandamano kupitia magazeti, naandika nikiwa Mwanga, Kigoma. Nimekaa hapa miaka kadhaa nikisoma habari za Burundi, Kenya, Uganda na za kwetu, tukio kwa tukio. Naanza na kosa langu kubwa, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi.

Nilichukua gazeti moja linalochapwa nje ya Burundi, nikahesabu kila habari ya maandamano ya mwaka 2015. Tarehe 25 Aprili chama tawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, kesho yake watu wakaingia barabarani, na grafu yangu ikapanda. Katikati ya Mei ikaporomoka. Nikaandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba hasira za Bujumbura zimeanza kupoa. Nikampa dada mmoja asome. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatafsiria Warundi waliokuwa wakishushwa na meli ya MV Liemba kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, kabla hawajapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika na kisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alisoma hadi mwisho, akaniuliza swali moja: "Redio zilichomwa lini?"

Redio binafsi za Burundi zilishambuliwa siku za jaribio la mapinduzi, 13 na 14 Mei. Waandishi wengi wakakimbia nchi. Mitaa ya Bujumbura kama Musaga iliendelea kuandamana, lakini waliokuwa wakiyapeleka matukio hayo hadi kwenye meza za wahariri wa mbali walikuwa hawapo tena. Mimi nilikuwa nimepima kunyamazishwa kwa waandishi, nikakuita kupoa kwa wananchi.

Tangu siku hiyo, kila gazeti ninalolitumia lina ukurasa wake katika daftari langu: linamilikiwa na nani, lina mwandishi wapi, halikutoka siku zipi. Daily Monitor la Uganda lilifungiwa siku kumi Mei 2013. Septemba mwaka huo huo Mwananchi likafungiwa siku 14 hapa kwetu, na Mtanzania siku 90. Ukijaza sifuri kwenye siku hizo, umedanganya jedwali lako. Siku ambayo hapakuwa na gazeti huachwa wazi. Vivyo hivyo kwa miaka mirefu: anayelinganisha Tanzania ya 1985 na ya 1995 akumbuke kwamba magazeti binafsi yaliongezeka sana baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992. Matukio mengi zaidi kwenye karatasi yanaweza kuwa ni karatasi nyingi zaidi tu.

Jambo la pili ni neno lenyewe. Ukitafuta "maandamano" katika magazeti ya Tanzania utaletewa pia Mei Mosi, watu wanapita mbele ya mgeni rasmi na mabango yao. Ukirudi nyuma hadi 1967 utakutana na matembezi ya kuunga mkono Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Vuka mpaka uende Kenya ya 2023 au 2024: neno lile lile ni la kuipinga serikali. Kwa hiyo mashine ya kutafuta maneno haitoshi. Soma habari yote, na katika daftari la maelekezo, lile la kanuni za nini kihesabiwe kuwa tukio, andika wazi: nani anadai nini, kwa nani. Na usitafute neno moja. Mgomo, mgomo baridi, kufunga barabara, kususia, vyote vina habari zake. Hapa Kigoma tuna bahati ya pekee: anayejua Kiha huelewa Kirundi bila taabu kubwa, kwa hiyo ana mlango ambao mtafiti anayesoma Kifaransa peke yake hana. Utumieni.

Kuhusu sampuli, msiige bila kufikiri. Watafiti waliolinganisha Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Uholanzi na Uswisi kwa miaka ya 1975 hadi 1989 walisoma matoleo ya Jumatatu, kwa kuwa kule watu wengi huandamana mwisho wa wiki. Niliwahi kutaka kufanya hivyo kwa Kenya. Angalieni Juni 2024, wakati wa Muswada wa Fedha: tarehe 18, 20, 25 na 27, yaani Jumanne na Alhamisi. Siku waandamanaji walipoingia Bungeni ilikuwa Jumanne. Misri nayo, mwaka 2011, siku kubwa ya 28 Januari ilikuwa Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Kila nchi ina siku zake, zijue kwanza ndipo uchague matoleo.

Madogo madogo nayapita haraka. Tarehe ya gazeti si tarehe ya tukio; "jana" na "juzi" zigeuze kuwa tarehe kamili palepale. Habari moja ya AFP, shirika la habari la Ufaransa, ikitoka katika magazeti matano ni tukio moja. Idadi ya polisi na idadi ya waandaaji ziwe na safu mbili, usitafute wastani. Na maandamano madogo hupotea zaidi kuliko makubwa: huko Washington watafiti walilinganisha vibali vya polisi vya 1982 na 1991 na magazeti, wakakuta mengi, hasa ya watu wachache, hayakuandikwa popote.

Ukiwa tayari, usianze na miaka kumi. Chukua mwezi mmoja wa gazeti moja, umpe mwenzako nakala ile ile, kila mmoja ajaze jedwali lake bila kumwangalia mwingine. Kaeni mlinganishe. Mara ya kwanza mimi na mwenzangu tulitofautiana kuhusu walimu waliofika shuleni bila kuingia darasani: yeye aliandika tukio, mimi sikuandika. Tulibishana jioni nzima, tukaongeza sentensi mbili katika daftari la maelekezo, tukaurudia mwezi ule tangu tarehe mosi.