Kumuuliza pasta hesabu ya sadaka, ni kumgusa mpakwa mafuta?

Mama mumoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia. Anauzisha sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni na zaka anatoa kila juma. Kwa kanisa lao wazee waliuliza pasta makuta (feza) ya kujenga iliendaka wapi, akajibu mbele ya watu wote "msiwaguse masihi wangu", ni kusema wapakwa mafuta wangu, mzee mumoja akatolewa kwa komite. Sasa anauliza: kiongozi wa kweli tunamujulia wapi, maana huyu anaombea wagonjwa wanapona? Tena yeye mwenyewe aliahidi nadhiri, na minervali (feza ya shule) ya watoto haijalipwa.

Mama yangu, swali yako iliniumiza, juu haiko kwenu tu.

Hiyo mstari iko Zaburi 105:15. Anza kusoma ku mstari wa 12 uone inasema nani. Ni Abrahamu na watoto wake, watu wachache, wageni, wanatangatanga toka taifa hadi taifa, na wenye wanakatazwa kuwagusa ni wafalme! Sisi wa Kivu tunajua mtu anatembea na godoro ku kichwa, basi ni huyo Mungu alikuwa anakinga. Leo mwenye nguvu ananyanganya mkimbizi ile ngao na anapigia nayo mjane wa sambaza, na mimi hiyo naita zambi, siwezi kuipunguza.

Watasema Daudi alikataa kumgusa Sauli. Ndiyo, alikataa kumuua. Lakini alitoka mu pango yenye Sauli aliingiaka, akamuita kwa sauti, akamuonyesha kipande chenye alikata ku nguo yake na akamwambia kosa yake askari wanasikia. Na Paulo, mwenye miujiza kupita pasta wenu, wakati wa mchango wa Yerusalemu alituma ndugu wengine pamoja na Tito ili mtu asiwalaumu juu ya ile makuta (2 Wakorintho 8). Samweli akiwa muzee alisimama mwenyewe akauliza watu: nilitwaa ng'ombe ya nani? Kwangu hii ndiyo alama ya kwanza kabisa ya kiongozi wa kweli, kiongozi mwenye anakubali kuulizwa, hata anauliza mbele hamujamuuliza.

Juu ya uponyaji, soma 1 Timotheo 3, Paulo anataka mtu mpole, hapendi fedha, hapigi watu, anajua kufundisha, kuponya hakuandika. Na Mathayo 7 iko na watu walitoa pepo kwa jina la Yesu na Yesu akasema sikuwajua.

Alama ya pili ni kubaki na kondoo. Mimi ni mprotestanti lakini nitamutaja Monsenyeri Munzihirwa, askofu mkuu Mkatoliki wa Bukavu, mu 1996 vita ikikaribia wakubwa wengi walikimbia huu mji, yeye alibaki, akauawa tarehe 29 Oktoba.

Sasa wewe, usiende kumutukana ku WhatsApp. Tafuta wawili watatu wenye walishuhudia, muende kwake kwa heshima kama Mathayo 18 inafundisha, akikataa pandisheni kwa wakubwa wa kanisa lenu. Wakikataa nao, uko huru kuabudu kwengine, hakuna laana itakufuata.

Na ile nadhiri, mama, Yesu alikemea wenye kusema Korbani, ni kusema "hii ni sadaka ya Mungu", wakaacha kusaidia wazazi wao (Marko 7), sioni kama atafurahi na yako watoto wakifukuzwa shule. Lipa minervali kwanza, hii wiki.